Moto, Mkondo na Ukinzani: Istilahi za Elektroniki na Uchanganuzi wa Sakiti kwa Wanaoanza

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za awali za elektroniki katika Kiswahili kwa kulinganisha lugha ya mafundi wa redio wa Mchikichini na Kariakoo, Dar es Salaam, na lugha ya vitabu vya sayansi. Yanadai kwamba lugha ya mafundi ina utajiri mkubwa wa vitenzi vya kueleza hitilafu, lakini neno lake moja, moto, limebeba dhana tatu ambazo uchanganuzi wa sakiti hauwezi kufanyika pasipo kuzitenganisha. Kwa upande mwingine, istilahi za vitabu zinatenganisha dhana hizo barabara, lakini hazijafika mezani kwa fundi. Ili dai hilo lipimwe kwa vitendo, makala yanafundisha vijenzi vya msingi na kuchanganua sakiti moja kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kisha yanapendekeza vigezo vitatu vya kuteua istilahi.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kufundishia sayansi ni wa muda mrefu. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Tume ya Makwetta ilipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu mwaka 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Hata hivyo, mjadala wenyewe aghalabu umekuwa wa jumla mno. Upande mmoja hudai kwamba istilahi hazitoshi, upande wa pili hujibu kwa kuonyesha orodha za istilahi. Ni mara chache pande hizo mbili huchukua somo moja mahususi na kulifundisha ili ionekane lugha inakwama wapi na inapita wapi.

Makala haya yanajaribu njia hiyo. Somo lililoteuliwa ni elektroniki ya awali, kwa sababu mbili. Kwanza, ni somo ambalo tayari linafanyiwa kazi kwa Kiswahili kila siku, nje ya darasa. Pili, kosa la lugha katika somo hili lina gharama inayoonekana: mita huungua, nyumba huweza kuwaka, na mtu huweza kufa. Msomaji wa isimu hatarajiwi kuwa na maarifa yoyote ya umeme. Yote yatakayohitajika yataelezwa.

2.0 Mahali na lugha yake

Mchikichini ni kata ya Wilaya ya Ilala inayopakana na Kariakoo, kando ya bonde la Mto Msimbazi. Jina lake ni la Kibantu na muundo wake ni wazi: mchikichi, yaani mti wa mawese, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Jina la jirani yake lina historia nyingine. Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza cha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kilichoitwa Carrier Corps. Jina hilo linatupatia kanuni ya kwanza ya makala haya. Aliyelitohoa hakulisoma, alilisikia. Konsonanti za mwisho za neno Corps huandikwa bila kutamkwa, nazo hazimo katika Kariakoo, na irabu ndefu iliyosikika imebaki ndefu. Huo ni utohozi wa sikio, kinyume cha utohozi wa jicho.

Istilahi za mafundi wa eneo hili zimefuata njia ya sikio vilevile. Katika transfoma, kapasita, spika, mita na waya, silabi ya mwisho ya neno la Kiingereza imekuwa irabu a, kama ilivyosikika. Maneno yaliyoishia kwa konsonanti yameongezewa irabu, na uteuzi wa irabu hiyo si wa kubahatisha. Baada ya konsonanti za midomo huja u, kama katika balbu na omu. Baada ya nyingine nyingi huja i, kama katika volti, wati, fyuzi na swichi. Karibu maneno hayo yote yameingia katika ngeli ya I-/ZI-, yakapata upatanisho kamili: fyuzi imeungua, fyuzi zimeungua. Kwa hiyo, anayesema kwamba mafundi wanachanganya lugha hasemi kweli yote. Kifonolojia na kisarufi, maneno hayo yamekwisha kuwa ya Kiswahili kama vile meza na shule.

3.0 Neno moja, dhana tatu

3.1 Data

Tuangalie sentensi zifuatazo, ambazo ni za kawaida katika meza ya fundi yeyote:

(1) (a) Waya huu una moto.
(b) Moto haufiki kwenye bodi.
(c) Moto ni mdogo, mota inazunguka kwa shida.
(d) Usiiwashe muda mrefu, inakula moto sana.

Katika sentensi hizi moto halimaanishi ndimi za moto. Lakini pia halimaanishi kitu kimoja. Katika (1a) lina maana ya volteji, yaani msukumo wa umeme uliopo baina ya waya huo na ardhi. Katika (1b) lina maana ya mkondo, yaani mwendo wa chaji za umeme kupita katika njia fulani. Katika (1d) lina maana ya nishati inayotumiwa kwa kadiri ya muda. Sentensi (1c) ina utata: huenda volteji imepungua, huenda mkondo unazuiwa mahali fulani, na huenda yote mawili yametokea.

Jambo hili peke yake si upungufu. Neno umeme lenyewe lilikuwa jina la mwanga wa radi kabla ya kupewa kazi ya nyaya na mitambo, na huko Kenya wasemaji wengi hutumia stima, neno lililotokana na mvuke wa mashine. Lugha zote hupanua maana za maneno ya zamani. Fundi mzoefu hapotei kwa sababu muktadha humwongoza: anaona kifaa, anashika mita, anajua moto upi unazungumzwa. Anayepotea ni mwanafunzi, ambaye hana muktadha huo bado.

3.2 Gharama ya utata

Mita ya umeme hupima volteji na mkondo kwa namna mbili zilizo kinyume. Ili kupima volteji, ncha mbili za mita huwekwa kwenye nukta mbili za sakiti bila kukata chochote. Mita inakaa sambamba na kinachopimwa. Ili kupima mkondo, sakiti hukatwa na mita huingizwa katika mkato huo, ili mkondo wote upite ndani yake. Katika hali ya kwanza mita ina ukinzani mkubwa sana; katika hali ya pili ina ukinzani mdogo sana. Mwanafunzi aliyeambiwa tu “pima moto” anaweza kuweka mita kwenye upande wa mkondo kisha akachomeka ncha zake katika soketi ya ukutani. Hapo atakuwa ameunganisha nyaya mbili za volti 230 kwa kitu kisicho na ukinzani wa kutosha. Matokeo yake ni shoti, na mita ikiwa duni huweza kulipuka mkononi.

Maelekezo aliyopewa mwanafunzi huyo yalikuwa sahihi kisarufi. Kosa lilikuwa la kisemantiki.

3.3 Dhana tatu na vijalizo vyake

Tofauti ya dhana hizo inaweza kuelezwa kwa njia ambayo wanaisimu wataitambua mara moja. Volteji ni nomino inayodai vijalizo viwili: daima ni volteji baina ya A na B. Mkondo unadai kimoja tu: mkondo unaopita A. Nguvu ya umeme, inayopimwa kwa wati, ni zao la hizo mbili: volteji mara mkondo.

Sentensi “waya huu una volti 230” ni pungufu kwa sababu kijalizo cha pili kimedondoshwa. Kinachoeleweka ni “kwa kulinganisha na ardhi”. Ndege hutua juu ya waya usiofunikwa akaondoka salama kwa sababu miguu yake yote miwili iko katika waya mmoja; baina ya mguu na mguu karibu hakuna volteji. Mtu aliyesimama chini na kuugusa waya huohuo amejifanya yeye mwenyewe kuwa njia baina ya A na B.

Neno mkondo limeteuliwa vizuri. Msemaji wa Kiswahili anajua mkondo wa maji, na wakazi wa Jangwani na Mchikichini wanaujua mkondo wa Msimbazi wakati wa masika. Sitiari hiyo inafaa kwa jambo kubwa moja: mto unapogawanyika, jumla ya maji ya matawi ni sawa na maji yaliyokuja. Lakini ina mpaka wake, na mwalimu hana budi kuutaja. Bomba likikatwa, maji humwagika. Waya ukikatwa, mkondo husimama kila mahali katika sakiti hiyo. Hapa kitenzi cha mafundi ni sahihi kuliko sitiari ya vitabu: wao husema “umekatika”, hawasemi “umemwagika”.

4.0 Vijenzi na majina yake

Mafundi huita vipande vya ndani ya redio spea, yaani vipuri. Jina hilo linatokana na biashara: ni kitu kinachonunuliwa kuchukua nafasi ya kilichokufa. Kwa uchanganuzi tunahitaji jina linalotokana na kazi ya kipande hicho katika mfumo. Makala haya yanatumia kijenzi.

4.1 Kikinzani

Kikinzani ni kijenzi kinachopunguza mkondo. Kipimo cha ukinzani ni omu, kutokana na jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827: ukinzani ni volteji ikigawanywa kwa mkondo. Volti 12 zikisukuma mkondo wa ampia 0.05, ukinzani uliopo ni omu 240.

Faida ya kiisimu ya neno hili inastahili kuzingatiwa. Mzizi -kinza unatoa kitenzi kukinza. Ngeli ya U- inatoa sifa, ukinzani. Na ngeli ya KI-/VI- inatoa kifaa, kikinzani. Mwanafunzi akijua neno moja amepata matatu, na ngeli imemfundisha kutofautisha kipimo na kitu kinachopimwa. Neno rezista, ambalo nalo hutumika, linataja kitu tu. Likihitajika jina la sifa, inabidi kukopa upya.

4.2 Rangi za kikinzani

Kikinzani ni kidogo mno kuandikwa tarakimu zinazosomeka, hivyo thamani yake huonyeshwa kwa mistari ya rangi. Katika kikinzani cha mistari minne, mistari miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri zinazofuata, na wa nne, ambao mara nyingi ni wa dhahabu au fedha, huonyesha kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa: asilimia 5 kwa dhahabu, 10 kwa fedha. Tarakimu ni hizi:

(2) nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, buluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9.

Hivyo, njano, zambarau, nyekundu ni 4, 7 na sifuri mbili: omu 4,700.

Orodha (2) ni somo la mofolojia vilevile. Kati ya majina kumi, ni matatu tu yenye vivumishi halisi vinavyopokea upatanisho: -eusi, -ekundu na -eupe. Brent Berlin na Paul Kay walidai mwaka 1969 kwamba lugha yenye maneno matatu tu ya msingi ya rangi huwa na hayo hasa. Mengine yote ni nomino za vitu, na vingi vyake vinauzwa Kariakoo kila siku: kahawa, chungwa, manjano, zambarau. Kijani kinatokana na majani, kijivu na jivu. Buluu ni mkopo. Anayefundisha kwa Kiswahili, kwa hiyo, ana msaada wa kumbukumbu ambao lugha nyingine nyingi hazina: rangi zake zinaweza kuwekwa mezani kama bidhaa.

Msaada huo una tahadhari yake. Lugha kadhaa za Kibantu hutumia neno moja kwa kijani na buluu, na mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni mojawapo huweza kuona mistari miwili tofauti akaipa jina moja. Katika mstari wa tatu tofauti hiyo ni ya mara kumi: njano, zambarau, kijani ni omu milioni 4.7, njano, zambarau, buluu ni omu milioni 47. Kadhalika, joto hubadilisha nyekundu ikafanana na kahawia. Pale jicho linapotia shaka, mita ndiyo ithibitishe.

4.3 Kapasita

Kapasita huhifadhi chaji za umeme kwa muda na kuziachia. Kipimo chake ni faradi, na kwa kuwa faradi moja ni kubwa mno kwa kazi za kawaida, thamani nyingi hutajwa kwa mikrofaradi, yaani sehemu ya milioni ya faradi. Kazi yake inaonekana katika redio inayotumia umeme wa ukutani. Umeme huo hubadili mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Dayodi nne zikiupeleka upande mmoja, hutoka kama mapigo 100 kwa sekunde. Kapasita hujaza mabonde yaliyo kati ya mapigo. Kapasita hiyo ikikauka, mabonde hubaki na redio huvuma. Ikivimba kichwani, fundi huitambua hata kabla ya kupima.

Hapa lugha ya mafundi imetoa kitenzi chenye nguvu: kuchaji. Kimekopwa, lakini kinanyambulika: chajiwa, chajisha, chajika. Kinatuwezesha kusema jambo ambalo usalama unalidai: kapasita kubwa iliyochajiwa hubaki na chaji hata baada ya kifaa kuchomolewa ukutani. Kuchomoa waya si sawa na kumaliza chaji, na aliyezoea kusema “moto hakuna” kwa sababu waya umechomolewa anaweza kulitia shaka neno lake akiwa amechelewa.

4.4 Dayodi na transista

Dayodi hupitisha mkondo upande mmoja tu. Ile ya silikoni hubakiza kwake takribani volti 0.7 inapopitisha, ile itoayo mwanga mwekundu hubakiza karibu volti 2. Ikiwa tunataka kuwasha taa hiyo nyekundu kwa betri ya volti 9 na mkondo wa ampia 0.02, kikinzani kinachofuatana nayo kitabeba volti 7 zilizosalia, na ukinzani wake utakuwa 7 ikigawanywa kwa 0.02, yaani omu 350. Thamani inayopatikana madukani iliyo juu kidogo ni omu 390: chungwa, nyeupe, kahawia.

Transista, iliyobuniwa mwaka 1947 katika maabara za Bell nchini Marekani, ina miguu mitatu: bezi, kolekta na emita. Mkondo mdogo unaoingia bezi hutawala mkondo mkubwa unaopita kolekta kwenda emita. Ikiwa uwiano wake ni 100, miliampia 1 ya bezi huruhusu hadi miliampia 100. Ndiyo maana sauti dhaifu iliyonaswa hewani huweza kusukuma spika.

5.0 Uchanganuzi wa sakiti

5.1 Sakiti na sentensi

Kuchanganua sakiti ni kazi isiyokuwa ngeni kwa msomaji aliyewahi kuchanganua sentensi. Katika zote mbili tunaanza na mfuatano wa vipande, tunatambua vipande vinavyounda kirai, tunakichukulia kirai hicho kuwa kipashio kimoja, na tunapanda hivyo hadi kileleni. Kisha tunateremka tena kueleza kila kipande kinafanya nini.

Mahusiano ya msingi ni mawili. Vijenzi vikiwa katika mfuatano, mkondo ni uleule na volteji hugawana. Ukinzani wa jumla ni jumla ya ukinzani wa kila kimoja. Vijenzi vikiwa sambamba, volteji ni ileile na mkondo hugawana. Ukinzani wa jumla wa viwili ni zao lao likigawanywa kwa jumla yao. Kanuni mbili za Gustav Kirchhoff, alizozieleza mwaka 1845 angali mwanafunzi huko Königsberg, zinajumlisha hayo. Ya kwanza: mikondo inayoingia katika makutano ni sawa na inayotoka. Ya pili: ukizunguka njia yoyote iliyofungika, volteji zinazotolewa ni sawa na zinazotumiwa.

5.2 Mfano

(3) Betri ya volti 12 imeunganishwa na kikinzani A cha omu 120. Baada ya A njia inagawanyika: tawi moja lina kikinzani B cha omu 200, la pili lina kikinzani C cha omu 300. Matawi yanaungana na kurudi kwenye betri.

Kupanda. B na C ni sambamba. Zao lao ni 60,000. Jumla yao ni 500. Ukinzani wao wa pamoja ni omu 120. Sasa tuna A ya omu 120 katika mfuatano na kirai BC cha omu 120. Jumla ni omu 240. Mkondo wa betri ni 12 ikigawanywa kwa 240, yaani ampia 0.05.

Kuteremka. Mkondo wote unapita A, hivyo volteji baina ya ncha zake ni 0.05 mara 120, yaani volti 6. Volti 6 zilizobaki ni za BC. Mkondo wa B ni 6 kwa 200, yaani ampia 0.03; wa C ni 6 kwa 300, yaani ampia 0.02. Uthibitisho: 0.03 na 0.02 ni 0.05, kama kanuni ya makutano inavyodai.

Nguvu. A inatumia wati 0.3, B wati 0.18, na C wati 0.12. Jumla ni wati 0.6, sawa na volti 12 mara ampia 0.05.

5.3 Kutoka “imeungua” hadi “imeunguzwa”

Hatua ya mwisho ya mfano (3) ndiyo yenye faida kubwa mezani. Vikinzani vya kawaida na vya bei ndogo hutengenezwa kustahimili robo wati, yaani wati 0.25. B na C vitakuwa salama. A itapokea wati 0.3, itapata joto kupita kiasi, itabadilika rangi, na hatimaye itaungua. Fundi asiyechanganua atasoma rangi zake (kahawia, nyekundu, kahawia), atanunua nyingine ya rangi zilezile na ya ukubwa uleule, na kazi itarudi baada ya wiki chache. Rangi zilikuwa sahihi, ukubwa haukuwa. A inahitaji kikinzani cha nusu wati.

Sarufi ya Kiswahili ina jina la tofauti hiyo. Katika “kikinzani kimeungua”, kitenzi hakitaji kisababishi, kinaeleza hali. Katika “kikinzani kimeunguzwa”, kauli ya kusababisha na ya kutendwa zinamlazimisha msemaji kuwa tayari kujibu swali: kimeunguzwa na nini? Wakazi wa Dar es Salaam wanazijua jozi za namna hii vizuri. “Umeme umekatika” ni tatizo la mtaa mzima. “Umeme umekatwa” ni bili ambayo haikulipwa. Ufundi unaoishia kwenye kimeungua ni wa kubadilisha vipuri. Uchanganuzi huanza pale fundi anapouliza kisababishi.

Fyuzi ni mfano wa hatari zaidi. Pasi ya wati 1,150 katika umeme wa volti 230 huchukua ampia 5. Nyaya zake zikigusana, na ukinzani uliobaki katika njia ukawa nusu omu tu, mkondo utaelekea ampia 460. Fyuzi huyeyuka mapema ili waya wa nyumba usiyeyuke. Anayesema “fyuzi imeungua” na kuweka kipande cha waya mnene mahali pake ameondoa kijenzi pekee kilichokuwa kimepangwa kuungua, na ameiachia nyumba kazi hiyo. Soko Kuu la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la Karume lililoko Mchikichini liliungua Januari 2022. Matukio hayo yanatajwa hapa kwa ajili ya neno, wala si kudai kwamba chanzo kilikuwa umeme: kwa wasomaji wa eneo hili, moto wa fundi na moto wa soko ni neno moja, na wana sababu ya kutaka yatengane.

6.0 Vigezo vya kuteua istilahi

Kutokana na uchunguzi huu, vigezo vitatu vinapendekezwa.

Kwanza, upambanuzi. Palipo na dhana mbili katika hesabu, pawepo maneno mawili katika lugha. Kwa kigezo hiki moto libaki katika mazungumzo na kwa maana ya joto na mwako. Katika mafunzo mahali pake pachukuliwe na volteji, mkondo, nguvu na nishati.

Pili, uzazi. Kati ya maneno mawili yanayotosha, liteuliwe linaloweza kuzaa mengine. Ndiyo sababu ya kupendelea ukinzani na kikinzani, na ndiyo sababu ya kukubali kuchaji.

Tatu, makazi. Neno ambalo limekwisha kukaa vinywani na halina utata lisiondolewe. Shoti, fyuzi, bodi, kapasita, dayodi na transista ni maneno ya namna hiyo. Kuyabadilisha kwa maneno mapya ya Kibantu kungemfanya fundi awe mgeni katika kazi yake mwenyewe. Hata katika sakiti na saketi, ambayo yote mawili yanapatikana, hoja ya makazi inatosha kuamua. Makala haya yametumia la kwanza.

Pingamizi moja linafaa kujibiwa. Hudaiwa kwamba alama za hesabu ni za Kiingereza, hivyo mwanafunzi wa Kiswahili ataelemewa. Alama ya mkondo ni I, na I inatokana na neno la Kifaransa la ukali wa mkondo alilotumia Ampère. Mwanafunzi wa London naye haioni I katika neno la lugha yake. Alama ni mali ya wote. Maelezo yake ndiyo yanayopaswa kuwa katika lugha ya anayejifunza.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sakiti ya vikinzani vitatu inaweza kuchanganuliwa kwa Kiswahili bila kukwama, na kwamba mahali palipoelekea kukwamisha hapakuwa kwenye maneno yaliyokosekana bali kwenye neno lililobeba mzigo kupita kiasi. Yameonyesha pia kwamba sarufi yetu, hususan ngeli na minyambuliko ya vitenzi, inafundisha baadhi ya tofauti za kifizikia kabla ya mwalimu hajasema lolote.

Kazi inayobaki ni ya pande mbili. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vinavyofundisha mafundi vinahitaji miongozo ya Kiswahili yenye mifano iliyohesabiwa hadi mwisho, kama (3). Idara zetu nazo zinahitaji watafiti wa uzamili watakaokwenda kukusanya msamiati wa karakana kwa utaratibu, kijenzi kwa kijenzi na hitilafu kwa hitilafu, na kuurudisha ukiwa umepangwa. Watafiti hao wabebe daftari na mita, na wajue kabla ya kuondoka ni upande upi wa mita unaopima volteji.